Mwongozo kamili wa kumfuatilia flamingo: anakula nini, anakula vipi, na umtafute ziwa gani

Watu wengi wanaotaka kuona flamingo wanaanza na swali moja, "wako ziwa gani sasa hivi?", halafu wanajibiwa na mtu aliyewaona miezi mitatu iliyopita, wanafunga safari, wanafika wanakuta maji matupu na pelikani wachache. Mimi mara ya kwanza kwenda Manyara ilikuwa hivyo hivyo, tumeondoka usiku mkubwa, tumefika naambiwa walihama wiki iliyopita, na kweli pale ukingoni manyoya ya pinki yalikuwa bado yamenasa kwenye tope. Iliniuma sana ila ndo siku niliyoanza kuuliza kwa nini wanahama, na jibu ni chakula. Flamingo anafuata kilichomo ndani ya maji, kikiisha anaondoka, kikirudi anarudi. Ukijua anachokula na dalili zake hutahangaika tena.

Kiswahili cha kamusi anaitwa heroe, kuna watu wanamwita korongo lakini korongo ni ndege mwingine kabisa. Humu namwita flamingo kwa sababu ndo jina ambalo kila mtu analielewa.

Hatua ya 1: Jua unamtafuta flamingo yupi

Afrika tuna wawili, mkubwa na mdogo, na usipowatenganisha mengine yote yatakuchanganya maana chakula chao ni tofauti kabisa.

Flamingo mkubwa ana urefu wa sentimita 110 mpaka 150, shingo ndefu sana, rangi yake imefifia inakaribia nyeupe, na mdomo ni wa pinki wenye ncha nyeusi. Flamingo mdogo ana kama sentimita 80 mpaka 90, rangi imekolea zaidi, na mdomo ni mwekundu wa damu ya mzee, ukimwona kwa mbali unaona mweusi wote. Usihangaike na urefu maana ndege akiwa peke yake huwezi kumpima kwa macho, angalia mdomo tu inatosha. Wakiwa wamechanganyika ni rahisi, wakubwa wanaonekana kama watu wazima waliosimama katikati ya watoto wa shule.

Wale wanaojaa kwenye picha, laki kwa laki, ziwa zima pinki, karibu wote ni wadogo.

Hatua ya 2: Uelewe ule mdomo

Hapa ntakaa kidogo kwa sababu ukishaelewa mdomo mengine yanakuja yenyewe.

Flamingo anakula kichwa kikiwa kimepinduka. Anainamisha shingo mpaka utosi unatazama chini, kwa hiyo taya la juu ndo linakuwa upande wa chini, na ule mkunjo wa mdomo unaouona kama umevunjika katikati ndo unaofanya mdomo ulale vizuri kwenye maji akiwa ameinama. Taya la juu linacheza pia, sio la chini peke yake kama ulivyozoea kwa wanyama wengi. Ndani kuna ulimi mnene wenye nyama, umekaa kwenye mfereji na unafanya kazi kama pistoni ya pampu, ukirudi nyuma maji yanavutwa ndani, ukienda mbele maji yanasukumwa nje, na yakitoka yanapita kwenye safu za vitana vidogo vidogo vilivyopanga pembeni mwa mdomo. Chakula kinabaki, maji yanatoka. Kwa flamingo mkubwa pampu inapiga mara 4 au 5 kwa sekunde, kwa mdogo inafika mpaka mara 20 kwa sekunde. Sekunde moja tu! Ukiwa na darubini nzuri na maji yametulia unaona koo linatetemeka na viduara vidogo vya maji karibu na mdomo, ndo hiyo pampu inafanya kazi.

Tofauti iko kwenye vile vitana. Vya flamingo mdogo vimebanana mno, vinashika vitu ambavyo havifiki hata milimita moja, na chakula chake kikuu ni spirulina, yaani kile kijiumbe cha kijani kilichojikunja kama springi ambacho watu tumezoea kukiita mwani ila kwa kweli ni aina ya bakteria. Anakula pia daiatomu, vijiumbe vingine vinavyokaa juu ya tope, hasa spirulina ikiadimika. Flamingo mkubwa vitana vyake vina nafasi, spirulina inampita tu, yeye anashika vitu vikubwa zaidi: uduvi wa maji ya chumvi, funza wa wadudu wa majini, konokono wadogo, mbegu. Ndo maana wanaweza kukaa ziwa moja bila kugombana, mmoja anachuja juu ya maji, mwenzake anatafuta chini kwenye tope.

Kuhusu wingi, flamingo mdogo mmoja mtu mzima anahitaji kama gramu 60 mpaka 70 za spirulina kwa siku, ukiipima ikiwa kavu. Ukiona ndogo zidisha kwa ndege milioni moja, idadi ambayo Nakuru na Bogoria zimewahi kuifikisha, unapata tani 60 mpaka 70 kila siku, kavu, kutoka ziwa moja. Sasa unaelewa kwa nini maji yakiyumba kidogo tu kundi lote linaondoka.

Na miguu nayo inafanya kazi. Flamingo mkubwa anakanyaga tope mahali pamoja kama anacheza ngoma, anazunguka taratibu, tope linafumuka na vidudu vinapanda. Mwaka 2025 watafiti wa Marekani walichapisha kazi waliyoifanya kwa flamingo wa Chile, wakaonesha kwamba kukanyaga kule na kile kitendo cha kuvuta kichwa juu haraka vinatengeneza vimbunga vidogo ndani ya maji vinavyokusanya chakula kuelekea mdomoni. Tulidhani anachuja tu kinachopita, kumbe anakivuta.

Rangi ya pinki nayo inatoka humo humo kwenye chakula, ni karotenoidi, jamii ile ile ya rangi inayofanya karoti iwe karoti. Kifaranga anatoka kwenye yai akiwa wa kijivu mdomo umenyooka, kwa hiyo ukiona kundi lina ndege wa kijivu wengi hao ni watoto, sio wagonjwa.

Hatua ya 3: Jifunze kuyasoma maji

Spirulina inataka maji ya magadi, sio maji ya chumvi yoyote tu. Kipimo cha pH kiwe kama 9 mpaka 10 na nusu, jua la kutosha, joto. Ukiwa pembeni ya ziwa ambapo unaruhusiwa kufika kwenye maji, chovya vidole viwili uvisuguane, maji ya magadi yanateleza kama yenye sabuni. Usijaribu hivi ukiwa na kidonda, na ziwa Natron usijaribu kabisa, nitaeleza huko mbele.

Halafu angalia rangi. Maji yenye chakula cha flamingo mdogo ni kijani kizito, kama mtu ameyachanganya na mlenda, na pembeni kuna povu la kijani na harufu nzito inayokaa kwenye nguo. Watalii wanaziba pua, mi nikiisikia hiyo harufu nafurahi. Ukikuta maji yamekuwa ya kahawia au yameanza kuonesha mpaka chini jua spirulina imeanguka na ndege wameshaondoka au wanajiandaa.

Kinachoiangusha ni mara nyingi maji kuzidi au kupungua mno. Mvua nyingi ikiingia ziwani magadi yanapungua nguvu, spirulina inakufa, mwani wa aina nyingine unachukua nafasi. Nakuru ndo mfano ambao kila mtu aliuona, tangu kama 2010 maji yalipanda mwaka hadi mwaka, mpaka geti kuu la hifadhi likamezwa na maji, na wale flamingo waliolipatia ziwa umaarufu wakapungua vibaya, wengi wakawa wanaonekana Bogoria na kwingine. Oloidien, pembeni ya Naivasha, ilikuwa kinyume chake, lilipojitenga na ziwa kubwa likageuka la magadi flamingo wakaja, maji yalipopanda yakachanganyika tena wakaondoka. Na ukame ukizidi sana nako ni tatizo, ziwa linabaki ganda la chumvi na chakula hakuna.

Kwa hiyo kabla hujafunga safari fanya hivi. Ingia kwenye Copernicus Browser, ni bure, tafuta ziwa unalolitaka uangalie picha za setilaiti za Sentinel-2, zinapita kila baada ya siku kama 5. Linganisha picha ya karibuni isiyo na mawingu na ya miezi miwili iliyopita. Kijani kizito ni habari njema, kahawia ya matope baada ya mvua sio. Natron usichanganye, ile rangi nyekundu na pinki unayoiona kwenye picha ni vijiumbe vinavyopenda chumvi, sio ndege. Ukimaliza hapo angalia eBird (tovuti ambako watu wanaripoti ndege waliowaona) walioripoti wiki mbili za mwisho, halafu piga simu kwa mtu aliye pale pale, geti la hifadhi au mwongoza wageni wa kijiji, na usimuulize "flamingo wapo?" maana atakwambia wapo hata wakiwa kumi na mbili. Muulize maji yana rangi gani, na ndege wako upande gani wa ziwa. Mtu aliyeyaona maji juzi atakujibu bila kufikiria.

Hatua ya 4: Jua wanapopatikana

Flamingo mdogo moyo wake uko Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Kenya kuna Bogoria, Nakuru, Elmenteita (haya matatu yaliingia urithi wa dunia mwaka 2011), Magadi, na kaskazini kabisa Logipi. Tanzania kuna Natron, Manyara, Eyasi, ziwa Magadi la ndani ya kreta ya Ngorongoro, Empakaai, na maziwa ya Momella ndani ya hifadhi ya Arusha. Uganda jaribu Munyanyange karibu na Katwe. Ethiopia kuna Abijatta na Shala. Hayo yote uyachukulie kama ziwa moja lenye vyumba vingi, ndege wanahama chumba hadi chumba, na wanasafiri usiku, ndo maana jioni unawaacha wamejaa asubuhi hakuna hata mmoja. Mwaka 2002 kuna ndege walifungwa vifaa vya setilaiti pale Bogoria na ikaonekana wanarandaranda kati ya maziwa ya Kenya na Tanzania bila ratiba inayoeleweka. Kwa hiyo ukisikia mtu anataja "mwezi wa flamingo" mwulize mwezi huo ziwa lilikuwa na maji kiasi gani.

Nje ya huku wapo kusini, Etosha na Walvis Bay kule Namibia, Makgadikgadi kule Botswana, bwawa la Kamfers karibu na Kimberley Afrika Kusini, wapo wachache Afrika Magharibi, na wapo India, upande wa Gujarat.

Flamingo mkubwa eneo lake ni pana zaidi, Afrika, Camargue kule Ufaransa, Hispania, Uturuki, Iran, mpaka Kazakhstan na India. Na kwa sababu hategemei spirulina utamkuta hata pwani, kwa mfano mdomo wa mto Sabaki karibu na Malindi, anakanyaga tope la bahari kama kawaida yake. Mtu wa pwani asiyeweza kusafiri mpaka bonde la ufa aanzie hapo.

Hatua ya 5: Saa na mahali pa kusimama

Flamingo mdogo anachuja sentimita chache za juu ya maji, kwa hiyo mawimbi ni adui yake. Maziwa mengi ya bonde la ufa yanatulia usiku na asubuhi, upepo unaanza kupanda kadiri jua linavyopanda. Fika ukingoni saa 12 asubuhi, mpaka saa 3 umeona mengi. Mchana upepo ukikolea wengi wanasimama mguu mmoja wamelala au wanajibana kwenye vighuba vilivyokingwa. Wanakula usiku pia, ukilala karibu na ziwa utawasikia, ni kelele kama za mabata bukini wengi wakiongea kwa mbali.

Upepo huo huo unakusaidia. Spirulina inaelea, upepo ukivuma muda mrefu upande mmoja unaisukumia ng'ambo na inakusanyika kule kama rangi iliyomwagika, na upepo ukitulia ndege wanaenda huko huko. Kwa hiyo jioni angalia upepo unaelekea wapi, asubuhi anzia upande huo.

Sehemu ya pili ni pale maji matamu yanapoingia. Wana tezi za kutoa chumvi kichwani lakini bado wanahitaji kunywa na kuoga, kwa hiyo kwenye midomo ya mito na chemchemi wanakuja kwa makundi. Bogoria wanasogea mpaka kwenye chemchemi za moto za Loburu, wanakunywa maji ambayo mkono wako hauwezi kuyavumilia. Kaa pale kimya, utawaona karibu kuliko mahali pengine popote.

Umbali nao ni muhimu. Ukiona shingo zote zimenyooka juu kwa pamoja na wameanza kutembea kukupa mgongo, umeshakaribia mno, rudi nyuma. Kila wakirushwa wanapoteza muda wa kula, na kama nilivyosema muda wa maji kutulia ni mfupi. Droni achana nayo, hifadhini hairuhusiwi bila kibali na inawatawanya kundi zima.

Hatua ya 6: Tafsiri unachokiona

Wadogo wakiwa wametawanyika katikati ya ziwa, wengine wanaogelea kabisa, vichwa vinapita kushoto kulia juu juu ya maji, chakula kipo kingi. Wadogo hao hao wakiwa wamepanga mstari ukingoni kabisa, maji hayafiki hata goti (lile linalojikunja nyuma, ambalo kwa kweli ni kifundo cha mguu), midomo iko kwenye tope, basi spirulina imepungua na wamehamia kwenye daiatomu. Hiyo ndo dalili ambayo watu wengi hawaijui na mimi naiamini kuliko zote. Ukiikuta waambie wenzako wanaopanga kuja wiki mbili zijazo wasichelewe.

Mkubwa anazamisha kichwa chote, wakati mwingine na shingo, anabaki hapo sekunde kadhaa, na akiondoka anaacha vishimo vya duara kwenye tope, maji yakipungua unaviona vizuri.

Kundi likitembea kwa haraka limebanana, vichwa vinageuka kushoto kulia kwa pamoja, mabawa yanafunguka na kufungwa, hao hawali, wanachumbiana. Na kundi likiruka ghafla upande mmoja inua macho, mara nyingi ni furukombe. Bogoria furukombe wamezoea kabisa kula flamingo.

Hatua ya 7: Natron, nenda ukiwa umejiandaa

Natron ndo mahali pekee Afrika Mashariki flamingo wadogo wanapozaliana mara kwa mara, na kama robo tatu ya flamingo wadogo wote duniani wametokea hapo. Ziwa lina urefu wa kilomita 57 hivi lakini kina hakifiki hata mita 3, maji ya pembeni yanaweza kufika nyuzi 60 na pH mpaka 10 na nusu. Viota ni vichuguu vya tope katikati ya magadi, yai moja, kama siku 28 za kuatamia, na fisi wala bweha hawezi kuvuka. Leslie Brown, mtafiti wa ndege aliyethibitisha miaka ya 1950 kwamba wanazaliana hapo, alijaribu kuvifuata kwa miguu, magadi yakamuunguza miguu nusura afe. Kwa hiyo viota huvifikii, na usijaribu. Mwaka 1962 Natron ilipofurika walihamia Magadi ya Kenya kuzaliana, magadi yakawa yanaganda kwenye miguu ya vifaranga kama pingu, watu wakaingia kuvunja pingu hizo kimoja kimoja ili watembee.

Vaa buti ya kufunga vizuri, beba maji mengi kuliko unavyodhani, nenda na mwenyeji wa Ngare Sero, kijiji cha pale karibu na ziwa, anayejua ganda linabeba wapi na linavunjika wapi, na saa 4 asubuhi muwe mmeanza kurudi. Ukikanyaga magadi suuza kwa maji matamu hapo hapo.

Hatua ya 8: Andika

Kila ukienda andika tarehe, saa, ziwa, upande, rangi ya maji, upepo, mkubwa au mdogo, na wanakula wapi, katikati au ukingoni. Kuhesabu, hesabu ndege 100 vizuri, kariri ukubwa wa hilo fungu kwa macho, halafu pima kundi zima lina mafungu mangapi kama hayo. Weka eBird. Kila Januari kuna sensa ya ndege wa majini kwenye maziwa mengi, wanaopokea watu wa kujitolea wapo, uliza mapema kuanzia Novemba, na ukipangiwa ukingo wenye harufu ile nzito ya kijani usiombe kubadilishiwa.